Ngong au Kilimambogo: kilima kipi ukatafute kopo?

Kundi letu likikaa kupanga safari ya jiokashi, mchezo wa kutafuta makopo yaliyofichwa, ubishi huwa ni uleule. Kuna wanaotaka vilima vya Ngong, kuna wanaotaka Kilimambogo, na chai hupoa kabla hawajapatana. Sishangai. Vilima vyenyewe vinatazamana. Asubuhi ambayo mvua ya usiku imeosha vumbi la Nairobi, ukiwa juu ya kimoja utakiona kingine ng'ambo ya jiji, kama ndugu wawili waliokaa pande mbili za uwanja.

Wazee wa Kikuyu waliviweka katika sala moja. Makao makuu ya Ngai, Mungu wao, ni Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, lakini ana milima mingine mitatu ya kupumzikia: Nyandarua upande wa magharibi, Kia-Njahi mashariki na Kia-Mbiruiru kusini. Mwenye kuomba aligeukia yote minne. Kia-Njahi ndicho Kilimambogo, mlima wa mvua kubwa. Kia-Mbiruiru ndio Ngong, mlima wa anga safi. Nimepanda vyote viwili kwa miaka mingi, na nikiulizwa niende wapi kutafuta kopo huanza na majina hayo, kwa sababu yamebeba karibu nusu ya jibu.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu huficha kopo lisiloingiza maji, ndani yake daftari na kalamu, kisha hutangaza mtandaoni namba za latitudo na longitudo za mahali hapo. Wewe unazifuata kwa GPS ya simu, unalipata, unaandika jina lako na tarehe, unalirudisha palepale. Kukiwa na vitu vidogo vya kubadilishana, ukichukua kimoja unaacha chenye thamani ileile au zaidi. Ulianza Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000. Siku moja tu kabla yake, serikali ya Marekani ilikuwa imeacha kuvuruga mawimbi ya setilaiti yanayotumiwa na raia, uvurugaji ambao uliweza kumpotosha mtu hadi mita 100. Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek ili kujaribu usahihi huo mpya, na watu wakaipata.

Kila kopo hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5: ya kwanza ni ugumu wa kulitafuta, ya pili ni ugumu wa ardhi ya kulifikia. Ukizielewa hizo mbili, utaelewa kwa nini vilima hivi havilingani hata kidogo.

Miguu na magoti

Ngong ni rahisi kufika na ngumu kutembea. Unapanda matatu ya 111 mjini, unashuka Ngong, bodaboda inakupandisha hadi lango la Huduma ya Misitu, KFS. Baada ya hapo ni mgongo mmoja mrefu wa vilele, na watembezi huvihesabu saba. Kutoka kwenye mapanka ya umeme wa upepo hadi Kona Baridi ni kilomita kama 10, na karibu zote ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Ukidhani umemaliza, kilele kingine kinakungoja. Kilele kirefu zaidi, Lamwia, kina mita 2,460. Wageni wengi wanachoka wakati wa kuteremka, kwa sababu nyasi kavu zinateleza na vidole vinagonga ncha ya kiatu.

Kilimambogo ni kinyume chake: kufika ni safari, kupanda ni njia moja. Unakwenda Thika, unapata matatu nyingine ya barabara ya Garissa inayokunja kuelekea soko la Donyo Sabuk, kisha bodaboda hadi lango la Huduma ya Wanyamapori, KWS. Toka asubuhi mapema, kwa maana siku nzima itaisha huko. Lakini ukishaingia langoni kuna barabara ya gari, kilomita 9 hadi kileleni, mita 2,145. Barabara inajikunja polepole ndani ya msitu. Gari lenye nguvu linafika juu.

Hilo la gari nalitilia mkazo kwa sababu lilinibadilisha mimi. Mama yangu magoti yake yamekwisha, na kwa muda mrefu alikuwa akisikiliza hadithi zetu za vilele akiwa jikoni. Ngong hawezi kabisa. Kilimambogo tulimpandisha kwa gari la kuazima, akakaa kwenye uwazi ulio karibu na makaburi nitakayoyaeleza baadaye, akatazama chini kule Mto Athi unakopinda, akaanza kututajia vijiji vya watu aliosoma nao. Sisi tulikuwa tumeshika simu tukihesabu hatua. Yeye ndiye aliyekuwa akiijua ramani. Kama katika kundi lako kuna mzee, mjamzito, au mtoto anayebebwa mgongoni, usibishane tena. Nenda Kilimambogo.

Unachokiona ukifika juu

Hapa Ngong inashinda, na sitajifanya kuwa hakimu asiye na upande. Vilima vya Ngong ni mabaki ya volkano ya kale yaliyobaki wima ukingoni mwa Bonde la Ufa. Mgongo wake hauna miti mingi, kwa hiyo unatembea ukiwa na dunia mbili, moja kila upande. Mashariki kuna Karen, Lang'ata, majengo ya jiji, na ndege zinazotua. Magharibi ardhi inaporomoka ghafla: bonde lenye joto, barabara ya Magadi kama uzi, mlima Olorgesailie, na kaskazini zaidi Suswa na Longonot. Kule Olorgesailie ndiko Louis na Mary Leakey walikofukua shoka za mawe kwa wingi katika miaka ya 1940. Mtu anaweza kusimama kilele cha nne akiwa na jiji la leo begani kushoto na karakana ya mababu wa binadamu begani kulia. Sijui mahali pengine karibu na Nairobi panapokupa hayo kwa nauli ya matatu.

Kilimambogo kimefunikwa na msitu karibu hadi juu. Kileleni penyewe kuna milingoti ya mawasiliano na vichaka, na wengi hufika wakiwa wamehema wakauliza, mandhari iko wapi? Iko chini kidogo, penye uwazi wa makaburi, na kwenye mikunjo michache ya barabara ambapo miti inafunguka. Hapo utaona mashamba ya mananasi ya Thika yaliyopangwa kama mkeka, Mto Athi, na siku njema Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Sharti ni kuwahi. Saa nne asubuhi mawingu huanza kukusanyika juu ya mlima wa mvua kubwa, na yakishakaa hayaondoki kwa kubembelezwa. Msimu wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, barabara huwa tope na sikushauri.

Historia: hapa ndipo nakawia

Watu hudhani Ngong ndiyo yenye historia nyingi, kwa sababu jina lake limesambaa. Ni kweli inayo, lakini haiko njiani mwako. Ndiyo tofauti kubwa kati ya vilima hivi kwa mtu wa jiokashi, na sijaona wengi wakiizungumza.

Jina lenyewe linatoka kwa Wamaasai, Enkong'u e Muny, chemchemi ya kifaru. Vifaru hawapo tena na chemchemi hutaiona kutoka mgongoni. Kaburi la Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyeanguka na ndege Voi mwezi Mei 1931, liko kwenye mteremko wa mashariki chini ya nguzo ya mawe. Ukitembea vileleni hulipiti. Hata mapanka ya upepo yana historia yake: mawili ya kwanza yalisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na leo mradi wote una uwezo wa megawati 25.5. Hayo walau unayapita, unayasikia yakivuma kabla hujayaona.

Na kuna jambo ambalo kila Mkenya wa umri fulani hulikumbuka akisikia Ngong, lakini hakuna anayelisema kwa sauti akiwa matembezini. Machi 1975, mwili wa Josiah Mwangi Kariuki, tuliyemjua kama JM, uliokotwa na mchungaji wa Kimaasai kichakani katika vilima hivi. Alikuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliwahi kuwekwa kizuizini na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, na baada ya uhuru alionya kwamba nchi inaelekea kuwa ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Sidhani mchezo wa makopo unafaa kusogezwa karibu na kumbukumbu hiyo bila idhini ya wanaohusika, na nisingeficha chochote kwa jina la JM. Lakini nikiwa na vijana, tukipumzika kilele cha tatu, mimi huwasimulia. Wengi wanalisikia kwa mara ya kwanza.

Kilimambogo historia yake imekaa kando ya barabara inakungoja. Wamaasai walikiita Ol Doinyo Sabuk, mlima mkubwa. Wakamba wanakiita Kyanzavi, na sikiliza hapo: nzavi ya Mkamba ndiyo njahi ya Mkikuyu, ile maharagwe nyeusi yenye mstari mweupe inayopikiwa mama aliyejifungua. Lugha mbili jirani, mlima mmoja, chakula kimoja. Kilimambogo ni jina la nyati, mbogo, na nyati bado wapo.

Karibu na kileleni kuna makaburi. Mkubwa kati ya waliolala hapo ni William Northrup McMillan, Mmarekani mwenye mali na mwili wa kutisha kwa ukubwa, aliyemiliki ardhi Juja na kumkaribisha huko Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909. Alifariki 1925. Husimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni kabisa, lakini chombo kilichokokota jeneza kilishindwa na mwinuko, akazikwa hapo kilipokomea. Pembeni yake yupo mkewe, Lady Lucie, na Louise Decker aliyewatumikia kwa miaka mingi. Mbwa wao pia amezikwa hapo.

Kituo hiki huwagusa watu kwa namna tofauti. Kuna wanaopiga picha na kuendelea. Kuna wanaosimama kimya wakifikiria ni nani waliobeba mawe ya makaburi hayo hadi juu, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa popote. Mimi ni wa kundi la pili. Na kinachonifanya nirudi ni kwamba hadithi hiyo haikomei mlimani. Ukirudi Nairobi, barabara ya Banda, kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu yake, na simba wawili wa mawe mlangoni. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Kaburi liko Kilimambogo, mlango uliofungwa uko mjini, na kati ya hivyo viwili kuna karibu karne nzima ya Kenya. Kopo moja lenye hatua mbili linaweza kumpitisha mtu kote.

Kopo lenyewe

Kwenye mgongo wa Ngong anga iko wazi, setilaiti zinashikika, na simu hukufikisha ndani ya mita tatu hadi tano. Lakini utalificha wapi? Nyasi, mawe machache, mti mmojammoja. Wikendi kuna watembezi kwa mamia, wachungaji na ng'ombe wao, vijana wa kupiga picha. Ukiinama kupapasa chini ya jiwe, watu watatu wanakuja kukuuliza umepoteza nini. Kwa hiyo kopo la Ngong linatakiwa liwe dogo, kama kichupa cha filamu ya zamani, lenye rangi ya jiwe, na litafutwe siku ya katikati ya wiki. Kuna na upepo. Siku moja nilifungua daftari kileleni bila kulishika vizuri na kurasa nne zenye majina ya watu zikaruka kuelekea Magadi. Nilizikimbilia mpaka pumzi ikanikatikia, nikaupata ukurasa mmoja tu. Tangu siku hiyo daftari langu hufungwa kwa uzi na ndani ya kopo huweka karatasi za ziada.

Msituni Kilimambogo mambo yamegeuzwa. Sehemu za kuficha ni tele, mizizi, mashina yaliyooza, mianya ya mawe. Lakini chini ya miti mshale wa GPS hucheza, unakuambia mita 6, unasogea, unakuambia 15. Hapo ndipo ujue kuzima simu na kutumia macho. Ngedere nao ni hodari. Nimemwona mmoja akifungua zipu ya mkoba wa mwenzetu kana kwamba ni wake. Kopo lolote likiwa na harufu ya pipi au biskuti halitamaliza wiki.

Kubwa zaidi ni idhini. Kilimambogo ni hifadhi ya taifa tangu 1967, na kitu hakiachwi ndani ya hifadhi bila ruhusa ya KWS. Ngong ni msitu wa serikali, nako KFS lazima waulizwe. Kanuni za mchezo nazo zinakataza kuchimba ardhi ili kufukia kopo bila idhini ya mwenye ardhi, na zinataka kila kopo liwe mita 161 au zaidi kutoka kwa jingine. Kwa mtafutaji wa kawaida, maana yake ni hii: kabla hujatoka nyumbani, fungua ramani ya mchezo usiku uliotangulia, soma maandishi ya waliofika karibuni, na uihifadhi kwenye simu maana mtandao hukatika. Kama waliofika mara tatu za mwisho wote wameandika hawakuliona, huenda limekwisha kubebwa. Usivunje msitu ukilitafuta.

Ipo njia ya kuchukua kilima bila kuacha kitu juu yake, nayo naipenda zaidi kwa sehemu kama hizi. Ni lile kopo la ardhi, lisilo na kopo: unafika kwenye namba, unatazama miamba au mteremko, unajibu maswali ya jiolojia. Ngong imeumbwa kwa ajili ya hilo. Ukingo wa Bonde la Ufa unaonekana kwa macho, mtoto wa darasa la sita anaweza kuona wapi ardhi ilizama na wapi ilibaki.

Usalama, kwa maneno machache

Ngong hatari ni binadamu. Upande wa mbali na lango kumekuwa na visa vya watembezi kuporwa, kwa hiyo kodi askari wa misitu, nenda kundi, na usibaki nyuma ukitafuta kopo peke yako. Kilimambogo hatari ni nyati, hasa dume la peke yake lililotulia kichakani kando ya barabara. Askari wa KWS langoni watakueleza hali ya siku hiyo. Ukiambiwa panda na askari, panda na askari. Mchezo huu unafundisha watu kuacha njia na kuingia vichakani, na huko ndiko nyati hulala. Humu usiondoke barabarani bila mwenye bunduki, hata kama mshale unasema mita 8.

Basi uende wapi?

Kama ni mara yako ya kwanza kabisa na una miguu mizima, nenda Ngong. Anza saa moja asubuhi, ishia kilele cha tatu au cha nne, rudi kula nyama mjini Ngong. Hata usipolipata kopo hutahisi umepoteza siku. Kama una watoto wa shule wenye maswali, nenda Ngong pia, lakini kwa lile kopo la ardhi, na uwape daftari wachore bonde.

Kama una mzee, au mnapenda kusimama na kusoma maandishi ya mawe kuliko kuhesabu vilele, nenda Kilimambogo mwezi wa Januari, Februari au Julai. Mkishuka, mkiwa na muda, maporomoko ya Kumi na Manne kwenye Mto Athi hayako mbali na soko.

Na kama wewe ni mfichaji unayefikiria uweke kopo wapi, nakuomba uweke Kilimambogo, ila kopo lenyewe lisiingie hifadhini. Anzia mjini, kwenye ngazi za Maktaba ya McMillan: mtafutaji ahesabu simba, asome mwaka. Apande mlima, asome miaka iliyochongwa makaburini bila kugusa jiwe hata moja. Tarakimu hizo zimpe namba za mwisho, na namba za mwisho zimshushe hadi nje ya lango, kwa mwenye kibanda cha chai sokoni aliyekubali kutunza kopo nyuma ya kaunta yake. Nimeshaanza kuongea na mmoja. Ameniuliza kama watafutaji wanakunywa chai ya maziwa au ya rangi, nikamwambia aandae zote mbili.